Mfadhili, Mlezi au Mumama? Tumwiteje Mwanamke Tajiri Anayeitunza Sanaa

Mwezi jana vijana wa kikundi kimoja cha sanaa hapa Eastlands, mwendo mfupi kutoka barabara ya Jogoo, walinipigia simu. Walikuwa wamemaliza kuchora picha kubwa ya mwanamke kwenye ukuta wa ploti, na walikuwa wamekwama. Rangi ilikuwepo, ngazi ilikuwepo, na mwenye ukuta alikuwa amekubali. Kilichokosekana ni neno. "Mwalimu, picha iko sawa kabisa," mmoja akaniambia. "Shida ni hapo chini. Hatujui tuandike nini."

Mwanamke mwenyewe aliaga dunia mwaka jana. Alikuwa na ploti kadhaa za kupangisha, duka la misumari na mabati, na matatu mbili. Kwa miaka mingi aliwaachia vijana hao stoo yake bila kodi ili wafanyie mazoezi ya ngoma na maigizo. Aliwanunulia rangi, akawakodishia vipaza sauti, na nauli ya kwenda mashindanoni ilitoka mkobani mwake. Jina lake sitalitaja. Alikuwa mtu wa mtaa, si mtu wa magazeti, na familia yake ina haki ya kubaki hivyo.

Nilipofika niliona maneno manne yaliyoandikwa kwa chaki kisha yakafutwa nusunusu. La kwanza lilikuwa MFADHILI WETU. La pili, SPONSA WA SANAA, nalo lilikuwa limezua kicheko. La tatu, MAMA MLEZI. La nne liliandikwa kwa mzaha tu na kijana mmoja asiyejua kunyamaza: MUMAMA WA MTAA. Bintiye marehemu alikuwa amesimama pale na kikombe cha chai. Hakucheka. Hapo ndipo walipoamua kumpigia mwalimu wa Kiswahili.

Nimelileta suala hili kwenye ukumbi wetu wa leo kwa sababu kwa maoni yangu halihusu ukuta mmoja. Ni suala la uhakiki. Kila tunapomchora mtu, kwa rangi ama kwa maneno, tunachagua kitenzi kimoja na kuviacha vingine. Mwanamke mwenye mali aliyeilisha sanaa amechorwa mara nyingi, hapa kwetu na ughaibuni, na aghalabu picha huwa na kasoro ileile: inaonyesha alichokuwa nacho, inasahau alichokichagua. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili kina kitenzi kinachoweza kuirekebisha picha hiyo, na kimekaa midomoni mwetu miaka yote bila sisi kukitumia ipasavyo.

Hebu kwanza tuyapime yale maneno ya chaki.

*Mfadhili* ni neno la heshima. Linatokana na fadhili, wema anaotendewa mtu bila kuudai. Tatizo ni kwamba fadhili huteremka. Hutoka kwa aliye juu, humfikia aliye chini, na aliye chini hana la kufanya ila kushukuru. Ndiyo maana methali zetu kuhusu fadhili zimejaa kinyongo: shukrani ya punda ni mateke, tunaambiwa, na mwingine ataongeza kwamba heri umfadhili mbuzi, maana huyo utamla nyama. Ukimwita mwanamke mfadhili wa wasanii, umewaweka wasanii mahali pa mbuzi au punda. Hawana walichompa. Wamepokea tu.

*Mdhamini* ni mwenzake wa kurasa za michezo. Asili yake ni dhamana: mdhamini ni mtu anayesimama mahakamani au benkini na kusema, huyu akikosa, nishikeni mimi. Neno zuri, lakini siku hizi limeshuka hadi kwenye jezi. Mdhamini wa leo ni nembo kifuani. Hashiki dhamana ya mtu.

*Mlezi* ni neno la shule na la vyama. Sote tuliokuwa katika Chama cha Kiswahili tulikuwa na mlezi, mwalimu aliyetia sahihi karatasi zetu. Kwa mwanamke neno hili huja haraka mno. Akitoa mwanamume tunamwita mheshimiwa. Akitoa mwanamke tunamwita mama. Hospitali kubwa inayowahudumia watu wa Umoja, Komarock na Kayole ina jina la mke wa rais wa zamani, na jina lenyewe linaanza na *Mama*. Silalamiki. *Mama* ni heshima yetu ya asili. Lakini mlezi humgeuza msanii mtoto, na wale vijana wa stoo hawakuwa watoto. Wengine wana ndevu na kodi za kulipa.

Kisha yanakuja maneno ya mtaani, na hapa Eastlands hatuwezi kuyaruka, maana Sheng ilikulia kwenye mitaa hii. *Sponsa* zamani alikuwa mtu anayelipia timu au karo. Leo Mkenya akisikia sponsa anamwona mzee mwenye pesa na msichana wa chuo. *Mumama* ni kioo cha neno hilo: mwanamke wa makamo mwenye hela anayedhaniwa kuwaweka vijana. Sheng ina maneno mengine ya tajiri ambayo hayana doa hilo. *Mdosi* ni mwenye matatu, ni bosi. *Sonko* ni mwenye nazo. Lakini tazama yanavyotumika: ukisikia sonko bila maelezo, akilini mwako anasimama mwanamume. Mwanamke akifika kwenye kiwango hicho cha mali, lugha inamtafutia neno linalouliza anafanya nini usiku.

Kicheko cha ukutani kilitokana na hayo. Yule kijana hakuwa na ubaya. Alichukua neno lililokuwa karibu. Lakini maneno yaliyo karibu huwa yamewekwa hapo na historia, na historia ya Eastlands imeshawahi kumtendea hivyo mwanamke mwenye mali.

Tutembee kidogo hadi Majengo, Pumwani. Serikali ya kikoloni ilianzisha Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama mtaa wa Waafrika, na hapo Waafrika waliruhusiwa kujijengea nyumba zao kwenye viwanja vya manispaa. Kijiji cha Pangani, kilichokuwa kikongwe zaidi, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na baadhi ya wakazi wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Katika vijiji vyote viwili, miongoni mwa wenye nyumba walikuwamo wanawake wengi. Walikuja mjini wakiwa hawana ardhi wala urithi, wakafanya kazi, wakaweka akiba, wakajenga, wakapangisha vyumba. Baadhi yao walisilimu, wakaingia katika maisha ya Kiswahili ya mjini, na nyumba zao wakawarithisha wanawake wenzao badala ya kaka na wajomba waliobaki mashambani.

Wataalamu wawili wamewachora wanawake hawa kwa makini. Janet Bujra, katika makala yake ya mwaka 1975, aliwaita wajasiriamali. Luise White, katika kitabu chake *The Comforts of Home* cha mwaka 1990, alizungumza na wazee wa mitaa hii na kuonyesha kwamba wale walioitwa malaya, watembezi na waziwazi walikuwa na namna tofauti za kufanya kazi, kila moja na hesabu zake za kodi, usalama na akiba. Kitabu hicho kina nguvu kwa sababu kinaichukua kazi yao kama kazi. Hakiwalilii wala hakiwahukumu.

Lakini mtaani, neno lililobaki ni moja: malaya. Neno hilo lilimeza mengine yote. Lilimeza mwenye nyumba, mkopeshaji, jirani aliyemzika jirani. Linganisha na wanaume wa kizazi kilichofuata. Tom Mbotela aliuawa mwaka 1952, diwani Ambrose Ofafa akauawa mwaka 1953, na leo mtaa wa Mbotela upo, na mitaa ya Ofafa ipo. Ukipanda matatu pale Muthurwa unayasikia majina yao kila siku kinywani mwa utingo. Wanawake waliojenga Majengo, vyumba ambamo vizazi vya wafanyakazi wa Nairobi vililala, walibaki na jina la jumla.

Sasa, wanawake hao walipoingia maisha ya Kiswahili waliingia pia katika utamaduni wenye namna yake ya kuilipa sanaa. Na hapo ndipo kitenzi changu kilipo.

Kitenzi chenyewe ni *kutunza*. Kamusi zetu zinakipa maana mbili zinazojulikana na kila mtu. Ya kwanza ni kuhifadhi, kuangalia vyema: tunza mazingira, tunza wazee. Ya pili ni kumpa zawadi aliyefanya jambo vizuri, hasa mwimbaji au mchezaji ngoma. Wengine husema *kutuza*, na zawadi yenyewe ni tuzo, neno ambalo leo limepanda hadhi hadi kwenye tuzo za fasihi na za filamu. Lakini nyumbani kwake ni ukumbini, kwenye harusi, mbele ya kikundi cha taarab.

Aliyewahi kuhudhuria harusi ya Majengo anajua mambo yanavyokwenda. Mwimbaji anaimba. Wanawake wameketi, wengine wanapiga soga. Mara mstari fulani unamgusa mmoja wao. Anainuka. Hakimbii. Anatembea kwa mwendo wa wimbo hadi mbele, noti imeinuliwa juu ili kila mtu aione, anazunguka kidogo, kisha anaiweka mkononi au kichwani mwa mwimbaji. Kisha anarudi kiti chake. Kitendo kimeisha, na ukumbi mzima unajua nani ametoa, ametoa kwa mstari gani, na pengine mstari huo ulikuwa unamwendea nani.

Tuyatazame mambo matatu katika kitendo hicho, maana ndiyo uzito wa hoja yangu.

Kwanza, anayetunza anaonekana. Hajifichi nyuma ya bahasha wala nembo. Amejitoa mwili mzima. Kama ametoa kwa jambo la aibu, aibu ni yake.

Pili, anayetunza amechagua. Hakuinuka mwanzo wa wimbo kwa kuwa ana huruma na waimbaji. Aliinuka kwenye mstari. Kwa maneno mengine, kutunza ni kuhakiki. Noti ile ni hukumu: hapa umesema kweli, hapa umenena. Mhakiki wa chuo kikuu huandika kurasa 20 kusema jambo ambalo mwanamke huyu amelisema kwa hatua 10.

Tatu, anayetunzwa hageuki mtoto wala mbuzi. Mwimbaji anapokea huku akiendelea kuimba. Haachi wimbo ili apige magoti. Ametoa kitu, amelipwa kitu, na heshima ya wote wawili iko palepale.

Kuna jambo dogo la sarufi linalonifurahisha hapa. *Mtunzi* hutokana na kutunga. *Mtunzaji* hutokana na kutunza. Mizizi ni miwili tofauti, na mwanafunzi wa mofolojia atanikosoa nikisema vinginevyo. Lakini sikio linayasikia maneno hayo kama ndugu, na katika maisha ya sanaa ni ndugu kweli. Mtunzi asiye na mtunzaji huimba peke yake chooni.

Utamaduni huu una historia ndefu pwani, na ndani yake kuna upendeleo wa kumbukumbu. Kila anayesoma historia ya taarab hukutana mapema na Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, na ambaye anasimuliwa kuwa alimpeleka mtu Misri akajifunze muziki ili aje autumbuize ukumbi wake. Jina lake halisahauliki. Lakini wanawake wa Mombasa waliounda vyama vya lelemama, wakashindana kwa mavazi, karamu na ngoma, na kutumia mali yao wenyewe kuiweka sanaa hiyo hai hadi katikati ya karne iliyopita, tunawajua zaidi kwa sababu Margaret Strobel aliandika kitabu juu yao mwaka 1979. Mfalme akitoa, ni mlezi wa sanaa. Wanawake wakitoa, ni wanawake wanaopenda sherehe.

Kipimo cha kweli cha kitenzi ni kukitumia kwa mtu ambaye wahakiki hawajaafikiana juu yake. Kwa hiyo tuondoke Majengo tupande matatu hadi tao, Standard Street, ilipokuwa Gallery Watatu.

Nyumba hiyo ya sanaa ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na wasanii watatu, ndipo ikapata jina. Katikati ya miaka ya 1980 iliingia mikononi mwa Ruth Schaffner, mwanamke mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa ameendesha biashara ya sanaa Marekani, huko California. Aliiendesha hadi alipofariki mwaka 1996. Katika miaka hiyo wachoraji wengi ambao hawakuwa wamepita chuo chochote cha sanaa walipata mahali pa kupeleka kazi zao na kurudi na pesa mfukoni: Jak Katarikawe aliyetoka Uganda, Wanyu Brush, Meek Gichugu, Joel Oswaggo, Kivuthi Mbuno, na Sane Wadu.

Juu ya Schaffner kuna picha mbili. Ya kwanza ni ya mwokozi. Alikuja, akawaona walioachwa, akawafungulia mlango. Ya pili ni ya mfanyabiashara mjanja. Alijua kwamba wanunuzi wa Ulaya na Marekani wanapenda kuamini kwamba Mwafrika huchora kwa silika, bila shule, kwa hiyo akawauzia hadithi hiyo pamoja na turubai. Sidney Kasfir, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu sanaa ya Afrika ya sasa, aliwachunguza watu wa kati wa aina hii kwa jicho kali, na maswali yake bado yana uzito: mnunuzi akishapenda mtindo fulani, nani atathubutu kuchora vingine?

Nakubali kwamba picha ya pili ina akili kuliko ya kwanza. Ya kwanza ni *mfadhili* tupu. Inatuambia wachoraji walikuwa gizani hadi mzungu alipowasha taa. Lakini na ya pili ina kasoro yake, nayo ni kwamba inawafuta wachoraji vilevile. Kwayo, wao ni udongo mkononi mwa mnunuzi.

Mtazame Sane Wadu. Alikuwa mwalimu. Aliacha kazi ya mshahara ili achore, na watu wakasema amerukwa na akili. Basi akajiita Sane, neno la Kiingereza lenye maana ya mtu mwenye akili timamu, na kwa jina hilo akaingia kwenye historia ya sanaa ya Kenya. Mtu anayejibu matusi ya kijiji kwa kubadilisha jina lake mwenyewe si udongo wa mtu. Alikuwa ameshaamua kabla ya pesa. Baadaye wachoraji wa Ngecha waliunda chama chao wenyewe, na Wadu alikuwa mmoja wao.

Sasa tumia kitenzi chetu. Je, Schaffner alitunza? Kwa sehemu, ndiyo. Alinunua. Aliweka pesa kwenye kazi ambazo wengine walizipita, na kuchagua kwake kulikuwa uhakiki. Tunaweza kumuuliza, kama tunavyomuuliza mwanamke wa harusini: uliinuka kwenye mstari upi, na kwa nini ule? Je, aliinuka mbele ya ukumbi? Hapo jibu linapungua, maana ukumbi wake, yaani wanunuzi wengi, haukuwa Eastlands wala Ngecha. Mchoraji hakuwaona wale waliokuwa wakipiga makofi. Huo ndio upungufu halisi wa ulezi ule, na hauhusu wema wala ubaya wa moyo wake. Mtu hawezi kutunza kikamilifu mahali ambapo watazamaji hawajui wimbo. Nadhani hukumu hii inamtendea haki yeye, na inawatendea haki wachoraji pia.

Hata palipo na pesa nyingi kuliko zetu, picha ya mwanamke wa aina hii huweza kupotoka. Picha maarufu kuliko nyingi za mwanamke tajiri mpenda sanaa ni ile ambayo Gustav Klimt aliimaliza mwaka 1907 kule Vienna. Aliyechorwa ni Adele Bloch-Bauer, mke wa tajiri wa sukari, mwanamke aliyewakaribisha wasanii na wenye fikra nyumbani kwake. Klimt alimfunika dhahabu. Mwili umepotea ndani ya mapambo. Vilivyobaki ni uso, mabega na mikono. Adele alifariki mwaka 1925. Wanazi walipoitwaa Austria mwaka 1938 waliitwaa mali ya familia hiyo ya Kiyahudi, picha ikiwemo, na ilipoonyeshwa jina lake liliondolewa. Akabaki mwanamke aliyevaa dhahabu. Warithi walirudishiwa picha mwaka 2006 baada ya kesi ndefu, ikauzwa kwa bei iliyoripotiwa kuwa dola milioni 135. Na filamu iliyotengenezwa mwaka 2015 kusimulia haki hiyo iliitwaje? *Woman in Gold*. Haki ilipatikana, jina halikurudi kwenye bango.

Kwa kweli dhahabu yenyewe ilikuwa imeshaanza kazi hiyo. Picha ni ya ajabu, sipingi. Lakini ukiitazama kwa muda mrefu kiasi gani hutajua Adele alipenda nini, alikataa nini, alibishana na nani sebuleni kwake. Tunajua alivyong'aa. Basi usishangae aliyekuja baadaye aliona mng'ao tu. Malaya wa Majengo na mwanamke wa dhahabu wa Vienna hawana maisha yanayofanana hata kidogo, lakini lugha imewafanyia jambo moja: imechukua mali na mwili, ikaacha jina na chaguo.

Msomaji makini atanipinga hapa, na ana haki. Atasema: mwalimu, unakipamba kitenzi. Kutunza nako kuna uchafu wake. Mwimbaji akishajua nani ana noti, ataanza kumwimbia mwenye noti. Tumewaona wanasiasa wakipanda jukwaani kwenye matamasha ya Jacaranda na Kaloleni, wakigawa pesa huku kamera zikiwaka, na wasanii wakiingiza majina yao kwenye kibwagizo. Je, hao nao wanatunza?

Jibu langu ni kwamba hao wananunua. Tofauti iko kwenye mpangilio wa mambo. Anayetunza husubiri mstari, kisha hutoa. Anayenunua hutoa kwanza, kisha husubiri mstari wenye jina lake. Noti ni ileile na jukwaa ni lilelile, lakini kitenzi si kimoja, na mtaa hauhitaji mhakiki kuutofautishia. Sikiliza tu makofi. Hata hivyo nakubali kwamba mpaka kati ya viwili hivi ni mwembamba, na tajiri mmoja anaweza kuuvuka mara mbili kwa usiku mmoja. Ndiyo sababu picha ya mlezi wa sanaa, hata tukimpenda vipi, lazima iwe na maswali ndani yake.

Kwa hiyo nilipofika kwenye ule ukuta sikuwapa vijana neno. Niliwauliza maswali. Alipenda nini katika kazi zenu? Wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja. Alikuwa akija mazoezini anakaa juu ya kreti ya soda, mkoba mapajani, anatazama hadi mwisho bila kusema. Halafu anasema, "Pale kati mnadanganya. Hakuna mama analia hivyo." Aliwahi kukataa kulipia maigizo moja kwa sababu mwenye nyumba wa hadithi alikuwa mwovu bila sababu. "Mimi ni landilodi," aliwaambia. "Niandikeni vibaya, lakini niandikeni kweli." Waliandika upya. Akalipa. Wakashinda mkoa? La, hawakushinda. Lakini mpaka leo wanasema ile ndiyo kazi yao bora.

Nikawauliza: na ninyi mlimpa nini? Kimya kidogo. Kisha msichana mmoja, mchoraji wa picha yenyewe, akasema kwamba siku za mwisho alipokuwa mgonjwa walikuwa wakienda kumwigizia sebuleni, watu watano tu, bila vipaza sauti. Binti yake akatikisa kichwa kukubali. Akasema, "Hizo ndizo siku alizokuwa akila vizuri."

Basi, neno lilikuwa limeshapatikana, na halikutoka kwangu. Walifuta chaki yote. Wakaandika jina lake kamili, majina matatu, bila *Mama* mbele yake, kwa ruhusa ya binti. Chini yake wakaweka maneno matatu: ALITUTUNZA, TUKAMTUNZA, na tarehe zake. Mchoraji akarudi pia kwenye picha. Alikuwa amemchora akiwa na kitenge kipya na mkufu, mikono mitupu mapajani. Akaongeza kreti ya soda.

Mhariri wa lugha angeuliza kama *tukamtunza* hapo ni ya kuhifadhi au ya kutoa tuzo. Mimi ningeiacha kama ilivyo.

Mtaa wako nao, msomaji, hauwezi kumkosa mwanamke wa namna hii. Pengine ndiye mdosi anayemwachia kijana mchora matatu nafasi ya kuchora uso anaoutaka yeye kwenye gari la Buruburu. Pengine ni mwenye ploti anayewaachia watoto uga wa sarakasi. Kabla hajachorwa ukutani, na kabla hatujakimbilia *mfadhili*, tumuulize angali hai ni mstari upi uliomwinua kitini.